Nyama za paja zilichanika mara tatu nikiwa bingwa wa kujinyoosha. Karibuni tuongelee njia nyingine ya kulainisha viungo

Kocha wa Vumbi

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Uzi huu niliuahidi kwenye ule wa mbio ndefu, wadau wakanidai mpaka nikaona aibu. Leo shule imefungwa, acha niulete wote.

Mimi ni mwalimu wa michezo kwenye sekondari moja hapa Dodoma mjini, na Jumamosi nacheza na maveterani. Winga wa zamani. Siku hizi nacheza popote pasipotaka mbio. Kwa miaka mingi nilikuwa yule mtu mnayemjua kila uwanja: anafika wa kwanza, anaweka kisigino juu ya ukuta, anashika dole gumba la mguu, anahesabu mpaka 60 huku anawatazama wenzake kama watu wasiojali afya. Nilikuwa naweka kiganja kizima chini bila kukunja goti. Na ndani ya misimu minne nyama za paja la kulia zilichanika mara tatu.

Mara ya tatu sikuguswa na mtu. Ilikuwa asubuhi ya Julai, ule upepo wetu unaopenya mpaka kwenye mifupa, nafukuzia mpira unaotoka nje. Nikasikia "ta!" kwa nyuma, nikageuka kumtafuta aliyenirushia jiwe. Hakukuwa na jiwe.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea hakunivuta mguu hata mara moja. Alinilaza kifudifudi, akashika kisigino, akasema kunja goti mimi nakuzuia. Mguu wa kushoto alipambana nao kweli. Wa kulia aliurudisha chini kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika simu. Kisha akaniambia: mwalimu, mguu wako unafika mbali, ila ukifika huko hauna mwenyeji wa kuupokea.

Uzi wote ni hiyo sentensi. Mengine ni maelezo.

Wengi wetu tunadhani msuli ni kama mpira wa manati, ukiuvuta kila siku unarefuka. Sivyo unavyokwenda. Wiki za mwanzo za kujinyoosha, kinachobadilika zaidi ni uvumilivu. Mishipa ya fahamu ina mlinzi wake getini. Ukifika sehemu asiyoiamini anapiga kelele, wewe unasikia mvuto na maumivu. Ukimsumbua kila siku anakuzoea, anakuacha upite hatua mbili zaidi. Msuli wenyewe unaweza kuwa vilevile. Sasa fikiria umeruhusiwa kupita, halafu kule ndani unatakiwa kufunga breki ukiwa kwenye mbio kali. Nguvu za kufunga breki umezijenga lini? Mimi sikuwahi.

Njia nyingine ni kumwonyesha mlinzi kwamba kule mbali una nguvu. Unaubebesha msuli mzigo wakati unarefuka. Kazi hii ya kushuka polepole ina faida ambayo kuvuta tu kunaitoa kwa shida: nyuzi za msuli zenyewe zinarefuka. Kila uzi umejengwa kwa vipande vidogo mno vilivyopangwa mfululizo, vinaitwa sakomea, na inaaminika mwili unaongeza vipande kwenye msitari huo. Vipimo vya ultrasaundi kwa watu waliofanya mazoezi ya namna hii kwa wiki kadhaa vimeonyesha nyuzi za nyama za paja zikiwa ndefu kuliko mwanzo.

Kwa wanaotaka ushahidi: mwaka 2021 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 11, watu 452 kwa jumla, ukilinganisha kunyanyua vyuma na kujinyoosha. Kwenye unyumbufu wa viungo, hakukuonekana tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Wanyanyuaji walipata wepesi kama wenzao, na nguvu juu yake. Ila lazima ushuke mpaka mwisho wa kiungo. Wale wa jimu wanaokunja goti nusu halafu wanajipiga picha, hawamo.

Mimi nilianza na ndoo. Ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Nilianza na nusu. Unasimama, mpini mikononi, magoti yamelegea kidogo na yanabaki hapohapo. Unasukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango huku mikono imejaa mizigo. Mgongo umenyooka. Unashuka kwa hesabu ya nne, nyama za paja zikianza kuvuta unakaa hesabu mbili, unapanda. Mara nane, mizunguko mitatu, siku mbili kwa wiki. Ndoo itagusa ardhi mapema, kwa hiyo panda juu ya matofali imara yaliyolazwa, au tumia madumu mawili ya lita 10, moja kila upande wa mguu.

La pili ni lile la kupiga magoti. Mkeka chini, mwenzio anakushika visigino, unajiachia mbele taratibu kama mti unaoanguka kwa adabu, unajizuia kwa nyama za paja mpaka zishindwe, unajidaka kwa mikono. Hili limo kwenye programu ya kupasha ya FIFA ya 11+ iliyotoka 2006, na uchambuzi wa 2019 wenye wachezaji zaidi ya 8,000 uliona timu zinazolifanya zinapunguza majeraha ya nyama za paja kwa karibu nusu. Timu nyingi za mtaani hapa hazilijui, au zinalijua na zinaliogopa. Wiki ya kwanza fanya mara tano, mizunguko miwili, siku moja tu. Ukijifanya shujaa, kesho yake choo cha kuchuchumaa kitakushinda.

Mwaka wa tatu huu paja halijachanika. Na kiganja bado kinafika chini, nimejaribu jana.

Naomba kuwasilisha. Mengine tutaongea humu humu.

Siti ya Mbele

Nimeshakaa, karanga mkononi.

Mzee wa Makulu

Kijana, marahaba. Lakini hapo umetukosea adabu kidogo. Sisi jeshini tulikuwa tunanyooshwa viungo alfajiri kabla ya mchakamchaka, umri wako huo ulikuwa hujazaliwa, na tulikimbia na buti. Leo mnasoma kwenye simu mnatuambia tulikuwa tunapoteza muda?

Kocha wa Vumbi

Mzee wangu, siwezi kukukosea. Ila kwa bahati swali lako limeshajibiwa na jeshi lenyewe, siyo la kwetu. Australia walichukua makuruta 1,538 wakawagawa makundi mawili. Kundi moja walijinyoosha kabla ya mazoezi, jingine wakapasha tu bila kujinyoosha, wote wakaenda na mafunzo kwa muda wa wiki 12 hivi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2000: majeraha ya miguu hayakutofautiana kwa maana yoyote.

Kilichowalinda nyie, kwa mtazamo wangu, ni mchakamchaka wenyewe. Unaanza taratibu, mwili unapata moto, magoti yanapanda, nyimbo zinakupangia pumzi. Huko ndiko kupasha kuzuri. Yale ya kushika vidole kabla yake yalikuwa salamu tu.

Mzee wa Makulu

Haya. Salamu nazo zina umuhimu wake. Endelea.

Karateka wa Area D

Mkuu nakuheshimu ila hapa umeteleza. Mimi ni mtu wa mateke. Bila kuvuta huwezi kukaa msamba. Hiyo ndoo yako ya maji itanifikisha teke la kichwani lini?

Kocha wa Vumbi

Kaka, msamba nakuachia. Watu wa sarakasi, mateke na ngoma za kujikunja wanahitaji pembe ambazo maisha ya kawaida hayazitaki, na kujinyoosha kwa muda mrefu kunasaidia huko. Sijasema ni haramu. Kinachonisumbua ni kwamba tumefanya kujinyoosha kuwa dawa ya kila kitu, na tunainywa saa isiyo yake.

Hata wewe ipo njia iliyo bora kuliko kukaa unavumilia: kaza-legeza. Ilianzia Marekani miaka ya 1940 kwa daktari Herman Kabat, akihudumia wagonjwa wa kupooza. Inua mguu mpaka uanze kuvuta, mwenzio auzuie. Badala ya kulegea, msukume kwa kisigino sekunde sita hivi, kwa nguvu ya wastani. Achia, vuta pumzi, sogeza mbele. Rudia mara tatu. Utashangaa mguu unaongeza pembe palepale.

Ila usifanye dakika tano kabla ya pambano. Uchambuzi mkubwa wa 2016 ulikuta kujinyoosha kwa kutulia kunapunguza uwezo wa muda huo kwa wastani wa asilimia 3.7, hii ya kaza-legeza asilimia 4.4, wakati mazoezi ya kupasha kwa kurusha miguu yanaongeza asilimia 1.3. Na dozi ina maana: chini ya sekunde 60 kwa msuli mmoja hasara ni asilimia 1.1 tu, ukipitisha hapo inafika 4.6. Mimi niliyekuwa nahesabu mpaka 60 kwa fahari nilikuwa naingia uwanjani nimeshajipunguza mwenyewe.

Karateka wa Area D

Hiyo ya kusukuma sensei wetu anaifanya, sikujua ina jina wala baba. Na ni kweli tunaifanya mwisho wa mazoezi, siyo mwanzo. Nimekuelewa nusu. Nusu nyingine nitakuja na ndoo.

Mama Uwele

Nyie wanaume mnaandika kama vile mmegundua moto. Hilo zoezi la ndoo mnalolisifu, bibi yangu kule Mvumi analifanya tangu akiwa binti. Njoo Januari au Februari umwone anapalilia uwele: miguu imenyooka, mgongo umelala kama meza, kiuno ndicho kinachofanya kazi, kijembe kifupi mkononi, kutoka jua linapochomoza mpaka linapokuwa kali. Akimaliza anachuchumaa kupepeta, visigino vyote chini, anapiga soga saa nzima. Ana zaidi ya miaka sabini. Mimi mjukuu, mtu wa ofisini Mtumba, nikichuchumaa visigino vinanyanyuka na naanza kutafuta ukuta wa kushika.

Sasa niambieni, yeye kajinyoosha lini?

Kocha wa Vumbi

Dada, umeniandikia uzi mzima kwa aya moja.

Mtoto yeyote wa miaka miwili anachuchumaa vizuri, hakufundishwa. Pembe hiyo tunakuja nayo. Halafu tunamkalisha kwenye dawati, kisha kiti cha ofisi, kisha sofa, kisha choo cha kukaa, na mwili haulipi kodi ya chumba usichokitumia. Bibi yako hakuongeza kitu. Hakuwahi kupoteza.

Kwa wewe uliyeanza kunyanyuka visigino, tatizo mara nyingi lipo enka, siyo paja. Jipime hivi: piga goti moja mbele ya ukuta, mguu wa mbele peku, sukuma goti liguse ukuta kisigino kikiwa chini. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka goti lifike kwa shida. Pima kwa rula kutoka ukutani mpaka dole gumba. Andika miguu yote miwili. Wengi wanakuta mguu waliowahi kuteguka uko nyuma kwa sentimita kadhaa.

Dawa yake ni ngazi. Simama ukingoni kwa nusu ya mbele ya nyayo, panda kwa miguu miwili, shuka kwa mmoja polepole mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Kazi hii ya kushusha kisigino ilipata sifa mwaka 1998, Wasweden walipoitumia kwa wakimbiaji wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino, mara 15 kwa mizunguko mitatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Wao walikuwa wanatibu, lakini vigimbi navyo vinapata urefu. Halafu chuchumaa kila siku dakika chache, ushike nguzo au mlango mwanzoni. Ukiwa unaosha vyombo, au unasubiri chai ichemke. Zoezi hili usilitengee muda maalumu, utaliacha.

Mama Uwele

Nimepima na rula ya mtoto. Kulia sentimita 9, kushoto 5. Kushoto niliteguka nikiwa kidato cha pili.

Mtoto wa Singida

Mimi ni mkimbiaji, naishi Ng'hong'ona, napandisha vilima vya UDOM, chuo kikuu chetu cha Dodoma, asubuhi. Niwaambie kitu ambacho walimu wa michezo hawapendi kusikia: mkimbiaji wa mbio ndefu hatakiwi kuwa laini sana. Kano ya kisigino ni springi. Ukitua inajikaza, inatunza nguvu, inakurudishia bure. Tafiti kadhaa kwa wakimbiaji zimeona kwamba wale wenye viungo vikavu kiasi ndio wanaotumia hewa kidogo kwa mwendo uleule. Ukiilegeza springi, kila hatua unalipa mfukoni.

Juma Ikangaa ni mtoto wa Dodoma hii hii, 1989 alichukua New York kwa 2:08:01. Alphonce Simbu wa kwetu Singida mwaka 2025 kule Tokyo alikimbia kilomita 42 na ushee, akachukua dhahabu ya dunia kwa sekunde 0.03 tu, yeye na Mjerumani wote wakiandikiwa 2:09:48. Mtu anayehitaji kuchomoka hivyo mwishoni, umwambie miguu yake iwe kama mlenda?

Siti ya Mbele

Mlenda umeingiaje tena? Mlenda haujamkosea mtu.

Kocha wa Vumbi

Mtoto wa Singida, naafiki, na hili ndilo watu wanalikosa. Unyumbufu haupimwi kwa "zaidi ni bora". Unapimwa kwa mchezo wako. Mkimbiaji wa marathoni hatua yake ni fupi, anahitaji nyonga ifunguke nyuma vya kutosha na enka isibane, basi. Kipa anahitaji nyonga pana. Mrusha mkuki anahitaji bega. Kila mmoja achukue pembe ya kazi yake na akiba kidogo juu.

Ila wakimbiaji nanyi mna ugonjwa wenu: hamtaki vyuma kabisa. Kuruka kamba, kurukaruka mguu mmoja, kushusha kisigino kwa mzigo, hivyo vinakaza springi bila kuifupisha.

Bint Kondoa

Naomba kuuliza kwa upole. Mimi nacheza netiboli, WA, yaani winga wa kushambulia. Viungo vyangu ni laini tangu mtoto, kidole gumba cha mkono kinalala mpaka kwenye kigasha, viwiko vinapinda kinyume. Kocha wetu anasema nijinyooshe zaidi kwa sababu enka zinateguka kila msimu. Nikijinyoosha najisikia vizuri dakika kumi, halafu nabana tena. Nifanyeje?

Fundi wa Viungo

Naingilia hapa kwa sababu hii ni kazi yangu ya kila siku, nipo kwenye kliniki, jina na mahali tuache.

Dada, wewe huna upungufu wa unyumbufu, una ziada. Kubana unakokusikia mara nyingi ni misuli inajitahidi kushikilia kiungo kilicho huru kupita kiasi. Ukiinyoosha unamfukuza mlinzi, halafu anarudi kwa sababu nyumba haina mlango. Acha kuvuta kabisa kwa miezi miwili. Weka nguvu na mizani: simama mguu mmoja peku wakati unapiga mswaki, ukizoea funga macho. Panda vidole kwa mguu mmoja. Jifunze kutua kutoka kwenye kuruka, goti lisiingie ndani. Netiboli ni mchezo wa kusimama ghafla, na enka nyingi zinaondoka hapo kwenye kutua.

Kwa wengine wote kwenye uzi: ukiwa na maumivu yanayotoka kiunoni yakishuka mguuni mpaka chini ya goti, na ganzi au kuwashwa kwenye nyayo, hayo siyo nyama za paja kubana. Ni mshipa wa fahamu umekasirika, na haupendi kuvutwa. Usiutibu kwa ndoo wala kwa uzi, nenda ukapimwe. Na ukiona huwezi kuzuia mkojo au ganzi imeingia sehemu za siri, usisubiri kesho.

Bint Kondoa

Asante sana. Kocha wangu nitamwambiaje sasa?

Fundi wa Viungo

Mwambie kliniki imekukataza. Makocha wanaogopa karatasi kuliko maelezo.

Kijana wa Nzuguni

Na hizi roller za povu za kubiringishia misuli wanazouza mjini kwa bei ya mbuzi? Jamaa wa jimu kaniambia zinavunja mafundo ndani ya misuli.

Kocha wa Vumbi

Hazivunji chochote, na shukuru Mungu, kwa sababu kitu cha kuvunja nyama kingekulaza hospitali. Zinampoza mlinzi. Kiungo kinaongeza pembe kidogo kwa dakika chache, na uzuri wake hazikupunguzii nguvu kama kujinyoosha kwa muda mrefu. Kwa hiyo kabla ya mazoezi zinafaa, mradi ufuatishe na kazi yenyewe. Kabla ya kutoa mbuzi, jaribu msukumio wa chapati kwenye vigimbi au mpira wa tenisi chini ya makalio. Ukikosa vyote, chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa. Msukumio uoshe kabla ya kuurudisha jikoni, nasema kwa uzoefu.

Kijana wa Nzuguni

Na kujinyoosha baada ya mechi ili kesho usiumwe?

Fundi wa Viungo

Tafiti zimejumlishwa na kujumlishwa. Faida yake kwenye maumivu ya kesho ni ndogo mno, karibu na hakuna. Kama unaburudika, jinyooshe. Kulala mapema kutakusaidia zaidi.

Maveterani FC

Kocha, mimi nipo kwenye timu ya Jumamosi, wewe unanijua ila hunijui humu. Umetuandikia vya nyumbani. Vya uwanjani, ile robo saa kabla ya kipyenga, tufanye nini? Maana wenzangu wakiambiwa wasijinyooshe watakaa chini wapige stori.

Kocha wa Vumbi

Nadhani nakujua, wewe ndiye unayekuja na soksi mbili tofauti.

Dakika tano mbio za taratibu, mbele, pembeni, kinyumenyume. Kule kwetu Julai ongezeni mbili, baridi ile siyo ya mzaha. Mwezi wa kumi jua likiwaka punguzeni. Kisha kurusha mguu mbele na nyuma mkiwa mmeshikana mabega, mara kumi kila mguu, kuanzia chini kwenda juu, siyo teke la kwanza mpaka puani. Hatua ndefu za kushuka goti karibu na ardhi huku mnageuza kifua. Kufungua nyonga: inua goti, lizungushe nje, lishushe. Halafu mbio tatu za mita 30, ya kwanza nusu ya nguvu, ya mwisho karibu yote. Hii ya mwisho ndiyo tunayoiruka, na ndiyo muhimu, kwa sababu nyama za paja hazichaniki wakati wa kutembea. Zinachanika mbio zikikolea, ule mguu unaporushwa mbele kabla ya kutua. Zikikutana na mbio kali kwa mara ya kwanza dakika ya tano ya mchezo, utageuka kutafuta jiwe kama mimi.

Na kinena nacho: mnaosumbuliwa na nyama za ndani ya paja, kuna ubao wa pembeni. Lala ubavu, mwenzio ashike mguu wako wa juu usawa wa kiuno chake, inua mwili, mguu wa chini uufuate wa juu. Wanorwe waliwapa wachezaji wa timu zao za nusu-kulipwa, matokeo yakatoka 2019: matatizo ya kinena yalipungua kwa asilimia 41. Unauma. Ukianza, mwenzio ashike gotini badala ya enka.

Mzee wa Makulu

Nimefanya ule wa kuchuchumaa. Nimeshuka vizuri. Kupanda ndiyo nikamwita mjukuu.

Kocha wa Vumbi

Mzee wangu, anza na kiti. Kaa, simama bila kushika, mara tano. Wiki ijayo kiti kifupi zaidi. Kile kigoda cha kukunia nazi kiwe cha mwisho kabisa.

Mama Uwele (wiki sita baadaye)

Narudi na rula yangu. Kulia 10, kushoto 8. Ngazi za ofisini nazishusha kisigino kila nikisubiri lifti, wenzangu wanadhani nasali. Nilikwenda Mvumi Jumapili nikachuchumaa na bibi tukapepeta wote. Yeye aliendelea, mimi dakika 10 nikaomba kigoda. Alicheka mpaka akakohoa.

Mtoto wa Singida

Sentimita tatu kwenye enka iliyoteguka siyo kidogo dada. Hongera.

Karateka wa Area D

Nami niseme ukweli. Ndoo nimefanya, siku mbili kwa wiki. Teke la mbele limepanda, la pembeni bado nalivuta kama zamani. Kaza-legeza ndiyo inayobeba.

Maveterani FC

Kocha, taarifa ya timu: watu wanne wanafanya lile la magoti, wawili wamekimbia baada ya wiki ya kwanza, mmoja anasema wewe ni mchawi. Na mimi nina kesi. Nilikuwa na ndoo ya wife juu ya matofali, hesabu ya nne, mara ya saba, mpini ukakatika. Maji yote sebuleni.

Kocha wa Vumbi

Nani alikuambia ufanyie sebuleni?

Maveterani FC

Nje kulikuwa na vumbi. Sasa ndoo nani analipa?

Kocha wa Vumbi

Njoo Jumamosi na gunia lenye mchanga kilo 20. Ndoo tutachangishana baada ya mechi, kabla ya supu.